Sweta ya Nailoni na Majina ya Bibi Zetu

Miaka ile ya biashara huria, mitumba ilipojaa soko la Newala, nilijinunulia sweta ya nailoni yenye shingo ndefu. Muda si mrefu nikapata na kompyuta ya mezani, kuukuu nayo, nikaipokea kama bibi harusi. Nilitandika zulia la nailoni, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na kila aliyeingia chumbani kwangu alivua viatu mlangoni. Hata mkuu wa shule niliyokuwa nikifundisha alivua. Nilijiona mstaarabu kweli, mjinga mimi.

Kazi kubwa ya kompyuta hiyo ilikuwa ya mjomba wangu, kaka wa mama. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ni mjomba peke yake aliyebaki akiyajua majina ya bibi zetu wote, tangu yule aliyetangulia kufika Chiwata, na kila mmoja kazikwa wapi. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kila alasiri alikuja akanitajia, nami nikachapa.

Mwezi wa saba upepo wa huku juu ni mkavu hadi midomo inapasuka. Vumbi jekundu lilikuwa limeingia kwenye kompyuta, kwa hiyo siku moja nikaizima, nikaifungua niisafishe. Nilivaa ile sweta, na soksi juu ya zulia. Nilipopeleka kidole kwenye diski, ta! Cheche ndogo, ikachoma kama sindano. Nikacheka. Nikakaza skrubu, nikawasha. Diski, yenye majina yote, haikuonekana tena.

Niliibeba mpaka Masasi kwa fundi. Akaigeuzageuza, kisha akaniuliza siku ile nilivaa nini. Nikamwambia.

"Mwalimu, nailoni juu, nailoni chini, umekusanya umeme mwilini ukaumwagia humu. Ungesimama pekupeku kwenye sakafu tupu, ukagusa kwanza bodi lake la chuma."

Disketi za kuwekea nakala nilikuwa nazo mbili tu, zote nimezijaza mitihani ya shule. Nilitamani anitukane. Akaifunga kompyuta kwa kamba, nikarudi nayo.

Siku tatu nilimkwepa mjomba. Ya nne akaja mwenyewe, akaketi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona kimya?"

Nikamweleza yote bila kupunguza. Akacheka.

"Basi chukua daftari. Mimi si bado nipo?"

Nikapata moyo. Akataja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akamfanya mtoto wa binti yake mwenyewe, akajisahihisha, akakosea tena. Alipofika wa sita jina halikuja. Jasho lilimtoka na baridi ile yote. Nilishika kalamu nikaogopa hata kukohoa.

Kisha akageuzia uso kwenye meza ya kompyuta, akasema kwa upole kabisa:

"Huyu tulishamwandika, mpwa wangu. Hebu mtazame humo kwenye mashine."