Bi Zamu na Kifurushi cha Mumewe

Kazini wote walimwita Bi Zamu, na kwa jinsi alivyokaa pale miaka mingi hata mkurugenzi alishasahau kwamba ana jina jingine. Ofisi yao ilikuwa ya shirika la maji, ghorofa ya juu, chumba chenye dirisha linalotazama matangi. Hapo ndipo walipolitunza ghala la data, yaani mfumo wa kompyuta ambamo tarakimu za kila mita, kila pampu na kila bomba la mji zilimiminwa ili ripoti zitolewe. Waandishi wa programu hawakuacha kuubadilisha. Huyu anaongeza jedwali, yule anarekebisha hesabu, mwingine anataka ripoti mpya. Kila badiliko lilifungwa kifurushi, likajaribiwa pembeni, kisha likaletwa kwa Bi Zamu. Yeye ndiye aliyeamua kipi kitangulie kuingia kwenye mfumo halisi na kipi kifuate.

Watu wa nje waliona ni kazi ya kubonyeza kitufe. Lakini zamu zikivurugika, ghala huugua kimyakimya: ripoti inafunguka vizuri, inapendeza macho, na inadanganya. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Alizaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto wengi na bafu moja, akajua mapema kwamba akitangulia asiyestahili, nyumba nzima inachelewa. Basi mtu akileta kifurushi aliulizwa hata kabla ya salamu: "Unamsubiri nani, na nani anakusubiri?" Aliyejibu "Sidhani kama kuna mtu" alirudishwa akafikiri upya.

Mmoja wa waandishi hao alikuwa mumewe. Walijuana hapohapo, kwenye foleni yake. "Alinirudishia vifurushi mpaka nikaona heri nimuoe," mume alipenda kuwaambia wenzake. "Nikadhani akiwa mke wangu atanipunguzia. Kumbe nimejipeleka mwenyewe!"

Sasa mume alikuwa anastaafu. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mwisho, na kazi yake ya mwisho ilikuwa ripoti ya maji yanayopotea njiani, mtaa kwa mtaa. Alikuwa ameihangaikia kama mtu anavyomhangaikia mtoto mgonjwa. Hamu yake ilikuwa moja tu: aifungue mwenyewe kwenye mfumo halisi, akiwa mezani pake, kabla hajarudisha kitambulisho.

Jumatano asubuhi, akimmiminia mkewe chai, akaanza.

"Mama, kile kifurushi changu."

"Kinamsubiri Kipara." Kipara alikuwa mwenzao wa meza ya jirani. Ndiye aliyekuwa akitengeneza jedwali la mita ambalo ripoti ingesoma, na bado alikuwa akilifanyia majaribio.

"Kipara yupo yupo sana. Mimi nina Ijumaa tu. Nitangulize, ripoti itafunguka."

"Itafunguka na sifuri kila mtaa."

"Hata hizo sifuri nitazipenda. Ni zangu."

Alicheka peke yake. Bi Zamu alikishika kikombe mpaka chai ikapoa, akitamani siku hiyo kazi yake ingekuwa ya mtu mwingine.

Ofisini hakutulia. Kumtanguliza mumewe lilikuwa jambo dogo, na nani angemlaumu? Sifuri zingekaa hadi jedwali la Kipara liingie, kisha zingejaa zenyewe. Alishaanza kukubali moyoni. Kwa mazoea tu akakifungua kifurushi cha Kipara, akakipekua kitu kimoja kimoja, na chini kabisa akakuta programu ya kupakia data, ileile ambayo mumewe alikuwa ameirekebisha hesabu zake ndani ya kifurushi chake. Kipara alichukua nakala yake kabla ya marekebisho, akaibeba pamoja na vitu vyake kama mtu anayehama na sufuria ya jirani. Mume akitangulia na Kipara akafuata, nakala ya zamani ingeikalia ile mpya. Ripoti ingejaa tarakimu nzuri kabisa, zote za hesabu mbovu, na mtu pekee wa kuzitambua angekuwa amekaa nyumbani.

Alimwita Kipara, akamwonyesha.

"Lo, dada! Niitoe?"

"Ukiitoa unaanza majaribio upya. Maliza hivyohivyo, uingie kwanza. Yeye atakuja juu yako akufunike."

"Atafurahi huyo," Kipara alisema. "Ana hamu ya kunifunika tangu nilipoajiriwa."

Jioni Bi Zamu alimweleza mumewe, wakiwa wanachambua maharage kwenye sinia moja. Mume aliendelea kuchambua kwa muda.

"Kwa hiyo mimi wa mwisho."

"Wewe wa mwisho. Nikikupendelea nitakuharibia."

"Miaka yote hii," alisema, "na bado unaniweka foleni." Lakini alilisogeza sinia upande wake, akamalizia sehemu ya mkewe pia.

Ijumaa Kipara alimaliza majaribio baada ya chakula cha mchana. Bi Zamu alikiingiza kifurushi chake, na ghala likaanza kupakia upya tarakimu za mji mzima, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kukawa na soda, keki na hotuba. Mume alipiga makofi mahali pasipostahili, jicho likiwa kwenye kompyuta ya mkewe. Upakiaji ulikuwa haujafika hata nusu mlinzi alipokuja kuchukua kitambulisho. Akakitoa. Alipopita mezani kwa mkewe alimshika bega, akamwambia, "Usiharakishe."

Jumatatu asubuhi aliona upakiaji umekamilika salama. Akakiingiza kifurushi cha mumewe, programu mpya ikazipiga upya hesabu, akaifungua ripoti, akapiga simu nyumbani.

"Imefunguka?"

"Na wewe habari za asubuhi."

"Mama, acha utani."

Akamsomea mtaa kwa mtaa. Upande wa pili mume alikuwa akiguna: hiyo sawa, hiyo nilijua, hebu rudia hiyo. Kisha akauliza, "Na mtaa wetu?"

Bi Zamu alitazama, akatazama tena. "Wetu unaongoza."

"Unaongoza kwa nini?"

"Kwa kuvuja, mzee. Hakuna mtaa unaotufikia."

Mume akaangua kicheko kikubwa, na kiti kikasikika kikisukumwa.

"Unaenda wapi?"

"Kulitafuta bomba."

"Vaa viatu basi."

Mume alikuwa ameiacha simu mezani bila kuikata, na Bi Zamu akabaki na yake sikioni, akisikia geti likifunguliwa na sauti ya mumewe ikimwita jirani atoke na jembe.