Picha ya nne ya ngome

Juzi, kwenye duka la kuchapisha picha hapa Kahama, mbele yangu alisimama mwalimu mstaafu mwenye picha nne za ngome ya mawe ya mtemi wa zamani, iliyo juu ya kilima kijijini kwao. Alikuwa ameipiga picha kutoka kila upande ili azipeleke kwenye mkutano wa kijiji, awashtaki wanaobomoa ukuta.

"Wezi tu hawa," alisema.

Dada wa dukani akaikuza picha ya nne kwenye kompyuta. "Hii umepigia wapi, mwalimu?"

"Uani kwangu."

"Kwa hiyo msingi huu pembeni ni wa nyumba yako?" Mawe ya msingi yalikuwa meusi, yamechongwa bapa, sawasawa na ya ukuta kule juu.

Mwalimu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Mkono ukaenda mdomoni. "Mayu! Mawe haya aliniletea fundi. Sikumuuliza kayatoa wapi."

"Niukate huo upande?" dada aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Hiyo ichape kubwa kuliko zote."

Nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Niliizunguka nyumba yangu, macho kwenye msingi. Hata mimi fundi wangu sikumuuliza.