Mtoto Wetu

Juzi nilimsikia mjukuu wangu akisema "mama yetu," nikakumbuka alasiri moja Kasongo, michi ikidunda na mpunga mpya ukinukia uani. Mama alikuwa amefariki, nami nililetwa kutoka Kabambare nilelewe na Mwamini na Zaina, wake wa mjomba. Kiswahili kilikuwa bado kigeni masikioni mwangu.

Mwenye msafara mmoja alisimama mlangoni, akanitazama, akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wetu," wakajibu pamoja.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa mbuzi tu: mbuzi wetu. Nikaamini nitauzwa. Nikakimbilia ghalani, nikajibanza nyuma ya vikapu, makapi yakiniwasha shingoni.

Zaina ndiye aliyenikuta. "Unalia nini, mwanangu?"

"Mimi ni mbuzi wenu?"

Hakucheka. Alimwita Mwamini, wakakaa chini, mmoja huku na mwingine huku.

"Tuko wawili," Mwamini akasema, "ndiyo maana tulisema wetu. Mimi ni mama yako, na huyu ni mama yako."

Ukubwani nilielewa kwa nini yule mgeni aliuliza. Mtoto asiye na wenyewe alichukuliwa na misafara akauzwe utumwani, na jibu lao ndilo lililomwondoa mlangoni.