Anatoka Kabisa

Mimi ndiye niliyesema zitauzika. Nalitaja hili mapema ili nisije nikaonekana mtu wa kulaumu wengine. Mwenye duka letu hapa Kitale, mzee wa Kihindi aliyeachiwa biashara ile na babake, aliniita kaunta wiki ile televisheni za kwanza za pande tatu, zile za 3D, zilipoletwa, akaniuliza, "Wewe unajua watu. Hii kitu itaenda ama haitaenda?"

"Itaenda, boss," nikamjibu. "Ngoja miaka michache tu. Kila nyumba kutoka hapa mpaka Bungoma itakuwa nayo. Hizi za kawaida tutazigawa bure."

Utafiti wangu ulikuwa huu: nilivaa miwani iliyokuja nazo dakika kumi, nikaona samaki wakitoka kwenye kioo na kuogelea hadi karibu na pua yangu. Basi nikajiona mtaalamu wa masoko. Enzi hizo nilikuwa na mdomo, na mdomo ndio ulionilisha, kwa hiyo sikuuchunga.

Watu walikuja kweli. Mwalimu mmoja wa Kimilili aliinama ghafla mpira ulipomjia, kofia ikamdondoka, duka zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Kisha akanunua redio, akaenda zake. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Walivaa miwani, wakapiga mayowe, wakaondoka na pasi ya umeme. Mtu mwenye akili angejifunza kitu hapo. Mimi niliongeza chumvi. "Mtu anatoka kabisa," nikawa nawaambia. "Anatoka mpaka unaweza kumpa mkono."

Baba aliyasikia maneno hayo siku aliyokuja kutoka Naitiri. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu tumzike Baba hakuwa akipenda kuja mjini. Nilishangaa kumwona mlangoni. Nilimvika ile miwani juu ya miwani yake ya kusomea, akatazama samaki. Hakuinama, hakupiga mayowe. Aliivua, akaipangusa kwa upindo wa shati, akaniuliza, "Na mtu? Mtu pia anatoka?"

"Anatoka kabisa, Baba."

"Hata mtu wa kawaida? Si wa sinema?"

"Hata wa kawaida. Kuna kitufe yake."

Sikumuuliza ni mtu gani. Nilimjibu jinsi ninavyomjibu mteja, na kosa hilo ninalo hadi leo. Kitufe kilikuwepo, hapo sikudanganya. Lakini nilijua kwamba picha ya kawaida haikupigwa kwa pande tatu, na kwamba kitufe kile kilikuwa kinakisia tu kipi kiwe mbele na kipi kiwe nyuma. Sikulisema hilo. Baba alikuwa amekwisha kuuza mahindi, akanunua.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka nyumbani nikaifunga ukutani. Nilipomaliza, Baba aliingia chumbani akarudi na diski ya video. Niliitambua kabla hajanipa. Ilikuwa ya siku wageni walipoleta posa ya dada yangu. Ndani yake kuna mahali Mama anatoka jikoni na birika na beseni, taulo begani, anawanawisha wageni mmoja mmoja, kisha anamwona mpiga picha amesimama peke yake. Anamwendea moja kwa moja. "Wewe wa kamera," anasema, "weka hiyo chuma chini unawe. Chakula inapoa." Hapo ananyoosha birika, na ni kama anamnyooshea yeyote anayetazama. Ni sehemu pekee ambapo Mama anakuja karibu hivyo.

Ndipo nikaelewa nilichomuuzia baba yangu.

Alivuta kiti mpaka karibu na ukuta. Akavaa miwani, mimi nikavaa ya pili. Akakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, nikadhani ni joto la mchana. Nikabonyeza kitufe. Mama akatokea mlangoni pa jikoni, akanawisha wageni, akageuka, akaanza kutujia, na Baba akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, akingoja maji.

Mama hakutoka. Aliingia ndani. Kioo kiligeuka kama dirisha, naye akawa upande wa pili, mbali kuliko alivyowahi kuwa katika diski ile. Hata aliponyoosha birika, birika lilibaki kule kule. Maji hayakumfikia mtu.

"Mbona anaingia?" Baba akauliza. Mikono ilikuwa bado hewani. "Wewe ulisema anatoka."

"Ngoja kidogo, Baba."

"Mlete kalibu basi."

Nimekua nikimtania kwa hiyo r yake inayogeuka l, na hata kanisani nimewahi kumcheka. Siku hiyo neno lile liliniumiza. Nilibonyeza rimoti yote, nikaongeza, nikapunguza, nikarudisha mwanzo mara tatu. Mara zote tatu Mama alikuja, na mara zote tatu alibaki ndani.

"Basi toa hiyo kitu," Baba akasema. "Acha akae tu vile alikuwa."

Nikaitoa. Mama akarudi bapa, mbele, kwenye kioo. Majirani walikuwa wameanza kuingia, kwa sababu televisheni mpya haifichiki Naitiri, na watoto walikuwa wameshajaza sakafu. Mmoja aliomba miwani. Baba alizikunja zote mbili akazitia mfukoni mwa koti, akakunjua mikono ya shati taratibu. "Miwani ni mbili na watu ni wengi," akasema. "Tutaona bila. Nani ananunua kitu ya kuona peke yake?"

Jumatatu nilimwambia boss hazitaenda. Akaniuliza nani amesema, nikamwambia ni baba yangu. Hakuagiza nyingine. Baadaye tukasikia hata viwandani wameacha kuzitengeneza. Miwani iliyobaki iko kwenye droo ya kaunta, betri zimekufa. Juzi boss aliniuliza tena kuhusu televisheni hizi mpya unazozisemesha zikakuitikia, kama zitaenda. Nilimwambia sijui. Ninaishi Kibomet, mwendo mfupi tu kutoka dukani, na njia nzima jioni ile nilikuwa nikiona aibu, ingawa safari hii sikuwa nimemdanganya mtu.

Televisheni ya Baba bado inafanya kazi. Sasa amezeeka, haoni vizuri, na nikienda Naitiri huniomba nimwekee diski kabla ya chakula. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama mlangoni Mama alipofika kwenye yale maneno yake. "Chakula inapoa," akasema, akanyoosha birika. Baba akakunja mikono ya shati, akanyoosha viganja.

Nilikwenda jikoni nikachukua birika na beseni, nikatia taulo begani, nikapiga goti mbele ya kiti chake nikammiminia. Hakunitazama. Alinawa polepole, macho yake kwenye kioo, na maji yalipokwisha alisema, "Asante, mama watoto."

Nikamfuta mikono.