Kuku wa Mama Mukubwa Mbele ya Askofu

Nichekeni mkitaka, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile nikiwa peke yangu chumbani huwa nauficha uso kwa mikono. Aibu yenyewe ilinipata mbele ya askofu, mapadri wa Elisabethville na nusu ya watu wa cité, mtaa wetu Waafrika (nusu nyingine walisimuliwa kabla ya jioni, wakaongeza na chumvi).

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa seminari kuu, na ilijulikana kwamba mmoja wetu atapelekwa Ulaya kusomea udaktari wa teolojia, jambo ambalo kwa mtu mweusi wa huku wakati ule lilikuwa halijazoeleka hata kidogo. Nililitaka mpaka nikawa sili vizuri. Askofu alisema atachagua baada ya mdahalo wa hadhara, kwa Kilatini, katika ukumbi wa parokia, na jamaa zetu waje watazame.

Sasa mdahalo ule una desturi zake: mmoja anatetea fundisho, mwenzake anapewa kazi ya kulipinga kwa nguvu zote hata kama moyoni analikubali, na mtetezi kabla ya kujibu lazima ainamishe kichwa na kuyarudia neno kwa neno yale aliyopingwa nayo. Mpinzani wangu alikuwa Alphonse, rafiki yangu wa kitanda cha jirani, ambaye kila likizo alikuja nami kijijini kwetu Lukafu kula bukari, ugali wa kwetu, kwa Mama Mukubwa, dada ya marehemu mama yangu, aliyenilea.

Mama Mukubwa alifika asubuhi hiyo juu ya lori la mihogo, na kuku kwapani wa kuwapa mapadri. Akaniuliza, "Leo kuko nini, mwana?" Nami, kichwa kimejaa Kilatini (na kiburi kidogo, niseme ukweli), nikamjibu, "Ni masomo tu, Mama. Ikala kule nyuma, utazame." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Basi Alphonse, ambaye Mungu alimpa sauti kubwa kuliko mahitaji yake, akasimama akaninyooshea kidole na kunguruma, nami nikainamisha kichwa nikayarudia maneno yake polepole, akanguruma tena, nikainama tena, na kule nyuma Mama Mukubwa akaona kile ambacho kila mtu wa Lukafu angekiona: mshitaki anapiga kelele, mwamuzi ameketi kwenye kiti kikubwa, na mtoto wake anakiri kosa baada ya kosa bila ndugu wa kumsimamia. Kwao mtu haachwi peke yake barazani. Ndugu anatoka, anapiga makofi, anapiga magoti na kuweka kitu chini ili maneno yapoe.

Nilisikia makofi kwanza. Nikajua ni yeye, na badala ya kunyamaza nikapandisha sauti ya Kilatini nikidhani ataacha (nilimlea mimi au alinilea yeye?). Akaja mpaka katikati ya ukumbi.

"Weye Alphonse," akasema, "si ulikula bukari kwangu? Leo unashitaki mutoto yangu mbele ya bazungu?"

Alphonse, na kanzu yake yote, akarudi nyuma hatua mbili. "Hapana, Mama. Hii njo kazi balinipa."

"Nani alikupa?"

Na msaliti yule akamwonyesha padri mkuu wa seminari.

Mama Mukubwa akampita padri mkuu bila kumtazama, akapiga magoti mbele ya askofu, akamweka kuku chini, na kuku akarukia mezani, akamwaga wino wa padri mkuu, kisha akajificha chini ya joho la askofu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu niliiona Ulaya yangu ikienda zake.

Askofu, mzee aliyeishi Katanga miaka mingi, hakucheka. "Mama, huyu mutoto alifanya nini?"

"Mi sijue, Monseigneur. Lakini hata kama aliiba, shiye bandugu yake tunalipa."

Kicheko kikakatika. Askofu akamwinua, akamketisha kando yake, halafu akanigeukia. "Sasa mueleze Mama, kwa Kiswahili, munabishana nini."

Jamani. Miaka yote ile ya kusoma neema na uhuru wa mwanadamu, sikuwa nimewahi kuyasema kwa lugha ya nyumbani. Nikagugumiza, mwishowe nikasema, "Mama, Alphonse anasema kama Mungu anatusaidia, basi hatuko huru. Mi ninasema anatusaidia, na tuko huru."

Akatutazama mmoja mmoja. "Ni ile tu? Basi muachane, mukuje kula."

Nilichaguliwa mimi (askofu alisema ni hapo tu kwenye Kiswahili ndipo usingizi ulimwisha). Nikaenda Ulaya, nikasoma mpaka macho yakauma, na siku ya kutetea tasnifu yangu maprofesa wakanishukia mmoja baada ya mwingine, nami nikiinamisha kichwa na kurudia maneno yao nikajikuta nimegeuka kutazama viti vya nyuma. Watu walikuwepo, wapole, wamevaa makoti mazuri, na hakuna hata mmoja aliyeshika kuku.

Pale ukumbini, siku ya kuku, niliapa kwamba sitamwalika tena ndugu yangu kwenye mtihani bila kumweleza kwanza nani ni nani, na kiapo hicho nimekishika. Ila Mama Mukubwa, kama angeweza kufika Ulaya siku ile, nisingemweleza kitu.