Bwana Behewa na Mapipa Matupu

Mtu huyu simpendi, nalisema mapema ili asiwepo wa kunishangaa baadaye. Jina lake Raimundi, mwenyeji wa Tabora, mkaguzi wa mafuta. Sisi watu wa ziwani tulimwita Bwana Behewa. Nusu ya maisha yake aliimalizia relini akikagua mabehewa ya petroli, na hata alipohamishiwa Mbamba Bay, mahali ambapo treni tuliiona kwenye vitabu vya shule tu, hakuacha kuliita lori behewa.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori lake lilileta petroli kutoka Songea, mapipa juu ya mapipa, likateremka milima ya Mbinga hadi ziwani, kisha likarudi na mapipa matupu. Kabla hajaja yeye, lori hilo ndilo lilikuwa basi letu. Ulikaa juu ya pipa na kuku wako, na Urbani dereva akavuta sigara zake kwa raha. Bwana Behewa akayakomesha yote. Alifunga mnyororo chini ya lori uburuzike ardhini, eti unazuia cheche. Alinusa kila kizibo kama mbwa. Utingo alifukuzwa, na mbele wakawa wanakaa wawili tu, dereva na yeye mwenyewe. Ukimuuliza sababu, alikuwa na hadithi moja: stesheni ndogo huko kwao, mabehewa ya mafuta yaliyoachwa bila mwangalizi, mtu mmoja na kiberiti chake, na wenzake aliowazoa kwa koleo. Hadithi hiyo aliisimulia hata harusini.

Sasa niseme kwa nini simpendi.

Dada yangu Kunigunda alishikwa na uchungu tukiwa Chiwanda. Uchungu ukamlaza na kumwamsha, mpaka mkunga akanyoosha mikono na kusema mtoto amekaa vibaya, mpelekeni kwa madaktari huko mlimani. Mimi na mama tukamleta Mbamba Bay kwa mtumbwi. Tulipofika, lori lilikuwa limeshapakia mapipa matupu na injini inanguruma. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka kunitazama.

"Shikamoo, baba," mama akamwamkia Bwana Behewa, ingawa kwa umri yeye mama ndiye wa kuamkiwa.

"Marahaba. Abiria hawapandi na petroli."

"Petroli iko wapi?" nikauliza. "Mapipa haya si matupu?"

"Matupu ndiyo mabaya zaidi. Mafuta yakiisha unabaki mvuke, na mvuke ndio unaolipuka."

Watu waliosimama pale wakacheka, kicheko cha hasira. Yaani mafuta yaliyokwisha yaue kuliko yaliyopo! Nikaona anatufanya wajinga.

"Basi mpe kiti chako cha mbele," nikasema. "Wewe utapanda safari nyingine."

"Mapipa hayaendi bila mkaguzi."

"Dada yangu anakufa!"

Alimtazama Kunigunda, aliyekuwa amelala kwenye mkeka akiuma kanga yake. Alimtazama vizuri, sitamsingizia kwamba hakumwona. Kisha akapanda mbele, akafunga mlango. Urbani alisita, mikono iko kwenye usukani, na Bwana Behewa akamfokea, "Ondoa behewa!"

Tulimpandisha milima kwa machela, tukisaidiwa na wanaume wa pale ziwani, wakipokezana. Dada yangu alifariki kabla hatujafika kwenye mashamba ya kwanza ya kahawa, na mtoto wake tumboni. Lori lilifika Mbinga salama salimini.

Nilimchukia waziwazi. Sokoni nilimtemea mate karibu na viatu vyake, na kanisani nilihama benchi alipokaa. Watu walinielewa.

Kisha fundi mmoja wa Ngumbo akapata pipa tupu la petroli, akataka kulikata wapikie pombe. Alilipasha moto kidogo ili bati lilainike. Tulimzika bila kufungua jeneza, maana hakukuwa na cha kuagwa. Pale kaburini ndipo nilipoelewa kwamba Bwana Behewa hakuwa anatudhihaki. Badala ya kupoa, hasira zangu zikapanda maradufu, kwa sababu sasa alikuwa amebakiwa na jambo moja tu la kunijibu.

Nikamfuata ofisini. Sikumwamkia.

"Kuhusu mapipa ulisema kweli," nikamwambia. "Na kiti je?"

Hakuuliza kiti gani.

"Ni Urbani," akasema. "Nikishuka tu, anawasha sigara. Nilikaa pale ili asiwashe. Lori lingelipuka naye, na dada yako pia."

"Kwa hiyo ulichokuwa unakilinda ni kiberiti?"

"Ndiyo, mama. Kiberiti."

"Kilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwake, kwenye shati."

"Si ungemnyang'anya, ukabaki nacho, ukampa dada yangu kiti?"

Bwana Raimundi akajishika mfuko wa shati lake mwenyewe. Mtu aliyewaza mnyororo, aliyewaza vizibo, aliyewaza mvuke ambao hakuna macho yanayouona! Nilisimama palepale mlangoni nikimngoja, kwa kuwa sikuwa na huruma ya kumpunguzia.

"Hilo sikuliwaza," akasema.