Harufu ya Saa Moja Asubuhi

Mumewe Naipanoi alikufa, akazikwa kwao Kajiado, na kwa miaka minne hakurudi. Mwaka wa tano akarudi. Alirudi saa moja asubuhi, saa ileile aliyokuwa akirudi kutoka kazini enzi za uhai wake, na hakuja na sura wala sauti. Alikuja na harufu.

Harufu yenyewe Naipanoi aliijua kuliko alivyozijua Zaburi. Kwa miaka kumi na moja mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba la nyanya upande wa Isinya, zile nyanya za kulimwa ndani ya vibanda vya nailoni. Kila asubuhi alipoingia, koti lake lilinuka ubichi mkali, kama majani yaliyosuguliwa na ganda la ndimu, na nyuma ya huo ubichi palikuwa na ukali wa mkojo wa paka. "Ni majani ya nyanya," alikuwa akisema. Naipanoi alizaliwa Oltepesi, kwa watu wa ng'ombe, na nyanya alizijua za sokoni, zimeoshwa na kupangwa kwenye sinia. Angebishana naye kwa lipi?

Na asubuhi moja hakufika. Lori lilimgonga akivuka barabara ya Namanga, hatua chache kutoka kwenye njia ya kwao hapa Kitengela, na chai yake ikapoa mezani.

Sasa, katika mwaka huo wa tano, Naipanoi alikuwa jikoni akichuja maziwa ya kuuza pale harufu ile ilipopita chini ya mlango na kumsimamia mgongoni. Hakupiga kelele. Mumewe alipokuwa akiingia alimsalimu "Takwenya", naye akimjibu "Iko", kama wanawake wa Kimaasai wanavyoitikia. Basi akaitikia vivyo hivyo, kwa sauti ndogo, bila kugeuka, akiogopa akigeuka atakuta hakuna mtu.

Kesho yake harufu ikaja tena, saa moja. Na kesho kutwa. Ilikaa kama nusu saa kisha ikaondoka, kama mtu aliyekunywa chai akaenda kulala. Naipanoi akaanza kumimina kikombe cha pili. Hakumwambia mtu, kwa sababu mumewe alikuwa mzee wa kanisa, na mjane wa mzee wa kanisa hapokei wageni waliokufa. Usiku alikuwa akiogopa. Asubuhi alikuwa na furaha kama msichana. Mambo hayo mawili yakakaa ndani yake bila kugombana.

Najua unawaza nini, hasa nikikuambia kwamba chumba cha nyuma alikuwa amempangisha kijana mmoja wa Kiserian, jina lake Kiama, mpole, mwenye heshima, ambaye alisema anakuza uyoga wa kuuzia mahoteli. Madirisha aliyaziba kwa plastiki nyeusi, maana uyoga hautaki jua. Kila siku saa moja alifungua mlango kuingiza maji. Wewe umeshajumlisha. Lakini wewe hujafiwa.

Aliyeharibu mambo ni jirani, Rahab, muuza mitumba wa ng'ambo ya njia.

"Mama Kakenya," alimwita siku moja kwa jina la bintiye, "kwako kuna nini? Kuna kitu inanuka huko ndani kama imeoza. Ikiendelea hivi mimi nitaenda kwa chifu."

Naipanoi aliumia kana kwamba mumewe ametukanwa mbele yake. Alimjibu Rahab kwamba pua yake ina vumbi la mitumba, akaingia ndani.

Lakini Kiama naye alikuwa amesikia. Jioni hiyo alikuja jikoni, jasho likimtoka.

"Mama, si unisaidie. Uyoga yangu inanuka na majirani wameanza kulalamika. Nimemwaga sabuni, nimechoma udi, bado tu."

La kuvunda halina ubani, wahenga walishasema, ila Kiama hakuwa mtu wa wahenga. Naipanoi alikuwa ameshika kibuyu chake cha maziwa, akikisugua ndani kwa kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, kilichochomwa hadi kikawa kaa jekundu, kama mama yake alivyomfunza. Akacheka. Alipenda kuulizwa.

"Marashi ni ya kuficha," akasema. "Ona hii kibuyu. Ikianza kunuka vibaya hatuweki kitu tamu juu. Tunaweka makaa. Makaa inakula harufu, inamaliza kabisa. Hiyo hewa yako ipitishe kwa makaa."

Kiama alimtazama kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Jumamosi akaleta magunia mawili ya makaa, pipa na feni. Kutwa nzima aligonga mabati huko nyuma, na Naipanoi, maskini, akampelekea chai.

Jumatatu saa moja hapakuwa na kitu. Naipanoi alisimama jikoni akavuta pumzi hadi kifua kikamuuma. Moshi. Maziwa. Sabuni. Kikombe cha pili kikapoa. Jumanne hivyo hivyo.

Akamlilia mumewe mara ya pili, na kilio cha pili ni kibaya zaidi, kwa maana hakuna anayekuja kukupa pole. Akaanza kujitafutia makosa. Labda ni vile viatu vya marehemu alivyompa mkwewe. Labda ni kwa sababu alicheka na kijana jikoni. Alitoa koti la mumewe sandukuni akalizamisha uso, akakuta linanuka dawa ya nondo tu. Maziwa yakamharibikia siku mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa tano mchana, stima ikapotea mtaa mzima. Redio ya Rahab ikanyamaza, na feni ya huko nyuma nayo ikanyamaza. Naipanoi alikuwa uani akianika nguo. Upepo ulizunguka tangi la maji, ukamletea mumewe.

Aliangusha shuka matopeni akaifuata ile harufu bila viatu, akizunguka nyumba, hadi mlango wa Kiama. Ilikuwa ikitoka pale chini, nyingi kuliko siku zote. Yuko humu, akawaza. Amefungiwa humu. Akapiga mlango kwa viganja viwili.

"Fungua! Fungua hii mlango!"

Kiama alifungua kidogo, uso umemparara, akidhani ni polisi. Naipanoi akamsukuma akaingia. Mle gizani palikuwa na ndoo na ndoo, na katika kila ndoo mmea wa kumfika kifuani, majani yamechanuka kama vidole. Alishika jani moja, akalisugua, akanusa vidole vyake. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Hii ni nyanya?"

"Nyanya?" Kiama alipiga magoti. "Mama, hii ni bangi. Nisamehe. Usiite polisi, nitatoka, naapa nitatoka."

Naipanoi hakumsikia. Alikuwa akikumbuka kwamba kwa miaka kumi na moja mumewe hakuwahi kuleta nyumbani nyanya hata moja. Alisema tajiri wake ni mkali. Alikumbuka kwamba siku ya mazishi hakuna mtu wa kazini aliyekuja. Alikumbuka Jumapili zile, huyo bwana akisimama mbele ya kanisa kuwaonya vijana juu ya ulevi, koti likinuka, na yeye mkewe akiketi kiti cha mbele kwa fahari.

Kwa watu wake jina la aliyekwenda halitajwi, naye hakuwa amelitamka tangu siku ya kaburi. Sasa likamtoka kama tusi.

"Sankale! Nyanya, Sankale? Nyanya? Mimi nilikuwa nani yako, nisiambiwe?"

Machozi yalimchuruzika hadi shingoni. Hasira ilikuwa kubwa, na chini yake, aibu kusema, kulikuwa na raha, kwa sababu alikuwa akigombana naye, na huwezi kugombana na mtu ambaye hayupo.

Stima ikarudi. Feni ikaguna, ikaanza kuzunguka, na ile hewa ikaanza kuvutwa kuelekea pipani.

"Zima," Naipanoi akasema.

"Mama, Rahab atasikia harufu. Watu wote wako nje."

"Zima, nimesema."

Kiama akazima. Alisimama pale akiangalia mlango. "Basi nianze kufunga vitu saa hii?"

"Kesho. Kesho asubuhi utoke na miti yako yote, na nisikuone tena hii Kitengela." Alijipangusa uso kwa leso. "Saa hii enda nje kidogo, utuachie nyumba."